AP, IB au kozi za chuo: mwanao aliye haiskuli Marekani achukue ipi?

Kila majira ya baridi, baina ya Januari na Machi, shule za sekondari za Marekani hufungua zoezi la kuchagua masomo ya mwaka unaofuata. Mtoto hupewa fomu, au siku hizi huingia kwenye tovuti ya shule, anabofya visanduku, kaunsela anapitisha, mambo yamekwisha. Mzazi aliyelelewa na Kidato cha Tano na Sita, au na mtihani wa taifa wa Kongo, huwa hajui kwamba jambo kubwa limeamuliwa hapo. Kwetu ukipangiwa PCB, yaani Fizikia, Kemia na Baiolojia, wote mlio PCB mnasoma kitu kimoja na mnakutana kwenye mtihani mmoja. Hapa watoto wawili wanaweza kuhitimu shule moja, siku moja, kwa diploma zinazofanana kabisa, mmoja akiwa amemaliza kalkulasi na mwingine aliishia aljebra. Chuo kikuu hakina haja na ile diploma ya kutundika ukutani. Kinasoma transkripti, yaani orodha rasmi ya masomo na alama zake, na humo kinatafuta kwanza hili: katika masomo magumu yaliyokuwepo shuleni hapo, mtoto huyu alithubutu mangapi, na aliyamudu vipi?

Masomo hayo magumu huja kwa njia nne. Kuna madarasa ya Honors, ambayo shule yenyewe huyatunga. Kuna AP (Advanced Placement), inayoendeshwa na shirika la mitihani liitwalo College Board. Kuna IB (International Baccalaureate), yenye asili yake Geneva. Na kuna kozi za chuo anazosoma mwanafunzi kabla hajamaliza haiskuli, ambazo kwa jumla huitwa dual enrollment. Florida na kwingineko kuna pia Cambridge AICE, ambayo aliyesoma A-level ataitambua mara moja. Nimeiacha nje kwa sababu familia nyingi haziishi karibu na shule inayoitoa.

Kama shule ya mwanao ina njia moja tu, tulia. Maombi ya chuo hufuatana na maelezo ya shule yanayoonyesha masomo gani hutolewa pale. Mtoto hapimwi kwa AP ambazo shule yake haikuwa nazo.

## Tunapima kwa maswali gani

Nimezipitisha njia zote nne kwenye maswali yaleyale. Kazi ikoje, na mtoto anapimwaje? Nani analipa? Krediti, yaani saa za masomo zinazohesabiwa kuelekea shahada ya chuo, zitapokelewa wapi? Mtoto ambaye Kiingereza si lugha yake ya kwanza atakutana na nini? Na akijikwaa, kosa linabaki wapi?

Hilo la mwisho wazazi huliuliza mara chache, na kwa maoni yangu ndilo linalozitenganisha njia hizi kuliko jina au sifa ya programu. AP inakuhukumu kwa siku moja ya Mei. IB inakuhukumu kwa miaka miwili. Kozi ya chuo inakuhukumu kila wiki, na hukumu yake haina rufaa.

Kuhusu lugha, sheria kwanza. Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964, pamoja na uamuzi wa Mahakama Kuu ya Marekani wa mwaka 1974 katika kesi ya Lau dhidi ya Nichols, inazibana shule zinazopokea fedha za serikali kuu zimsaidie mwanafunzi asiyejua Kiingereza apate elimu kama wenzake. Kwa hiyo mtoto kuwa kwenye madarasa ya ESL (Kiingereza kwa wageni wa lugha hiyo) si sababu tosha ya kufungiwa kalkulasi. Ukiambiwa "asubiri kwanza Kiingereza kikae sawa", omba kikao na kaunsela, na omba mkalimani wa shule. Usimtumie mtoto mwenyewe kutafsiri kikao kinachomhusu, atakutafsiria anachotaka ukisikie.

## Honors

Kazi na upimaji. Somo ni lilelile la kawaida, ila linakwenda kwa kasi na kwa kina zaidi. Hakuna mtihani wa taifa, mwalimu hutunga na kusahihisha mwenyewe. Ndiyo maana Honors ya shule moja huwa moto kweli, na ya shule ya jirani ikawa ni kazi za nyumbani zilizoongezwa tu.

Fedha. Bure.

Krediti. Hakuna. Faida iko kwenye GPA, yaani wastani wa alama zake. Shule nyingi huongeza nusu pointi kwa Honors na pointi nzima kwa AP au IB, na hapo ndipo mtoto anapokuja nyumbani na GPA ya 4.3 kwenye kipimo ulichodhani kinaishia 4. Namba hiyo isikulevye. Vyuo vingi huikokotoa upya kwa kanuni zao. University of California, kwa mfano, huhesabu pointi za ziada kwa mihula isiyozidi minane, na kwa mwanafunzi anayetoka nje ya California, Honors za shule yake haziongezi kitu. Kinachomwongezea ni AP na IB.

Lugha. Hii ndiyo njia yenye upole kuliko zote. Mwalimu anamjua mtoto, anaweza kumpa muda au kumwelekeza upya.

Akijikwaa. Alama inabaki kwenye transkripti ya haiskuli, basi. Wiki za mwanzo shule nyingi humruhusu arudi darasa la kawaida.

Inamfaa nani. Wa darasa la 9 na la 10, na aliyefika nchini karibuni. Lakini kuna mahali Honors ina uzito kuliko yote niliyosema, nako ni hisabati ya darasa la 9. Hisabati ya haiskuli mara nyingi hupangwa kama ngazi: Algebra 1, Geometry, Algebra 2, Precalculus, kisha Calculus. Hatua tano, miaka minne. Anayeanza Algebra 1 akiwa darasa la 9 atamaliza shule akiwa Precalculus, isipokuwa asome mbili kwa mwaka mmoja au atumie likizo ya kiangazi. Anayetaka kufika Calculus kwa mwendo wa kawaida alitakiwa awe ameimaliza Algebra 1 darasa la 8.

Sasa mchukue mtoto aliyetoka Kigoma, Nakuru au Bukavu baada ya miaka miwili ya sekondari. Amesoma aljebra na jometri vikiwa vimechanganywa ndani ya somo moja la hisabati, lakini ripoti yake haina popote palipoandikwa Algebra 1. Kaunsela, kwa nia njema kabisa, anamweka chini kabisa ya ngazi. Miaka minne baadaye mtoto anaomba uhandisi akishindana na wenzake waliokwisha kusoma kalkulasi. Omba apimwe kabla ya kupangiwa darasa, tena wiki ya kwanza, na upeleke ripoti za shule ya nyumbani pamoja na silabasi kama unaweza kuzipata. Nusu saa hiyo ina faida kuliko mwaka mzima wa masomo ya ziada.

## AP

AP ilianza miaka ya 1950. Leo ina masomo karibu 40, kuanzia kalkulasi, kemia na sayansi ya kompyuta hadi African American Studies, iliyoanza kutolewa rasmi mwaka wa masomo wa 2024–25.

Kazi na upimaji. Mtoto huchagua somo mojamoja, moja au sita. Husoma mwaka mzima, kisha Mei hufanya mtihani unaosahihishwa nje ya shule na kupewa alama kati ya 1 na 5. Tangu Mei 2025 mitihani mingi hufanywa kwa kompyuta, kupitia programu iitwayo Bluebook. Elewa kwamba alama ya darasani na alama ya mtihani ni vitu viwili. Kuna anayepata A darasani akaambulia 2 Mei, na kuna wa kinyume chake. Anaweza pia kufanya mtihani bila kukaa kwenye darasa la AP hata siku moja, mradi apate shule itakayompokea na ajiandikishe mapema. Waliozoea watahiniwa wa kujitegemea wa NECTA, Baraza la Mitihani la Tanzania, wataelewa.

Fedha. Mwaka 2025 mtihani mmoja ulikuwa dola 99 kwa walio Marekani. Familia yenye kipato kidogo hupata punguzo, na yapo majimbo yanayolipa hata kilichobaki. Kujiandikisha hufungwa Novemba kwa somo la mwaka mzima, na kuchelewa kuna faini ya dola 40. Punguzo hutolewa kwa kigezo kilekile cha chakula cha mchana cha shule, kwa hiyo ile fomu ya kipato inayotumwa Agosti au Septemba usiitupe, hata kama mwanao habebi sahani ya shule.

Krediti. Kwa sheria za majimbo kama Ohio na Illinois, vyuo vikuu vya umma vinatakiwa kutoa krediti kwa alama ya 3 na kuendelea. Vyuo vingi vya binafsi hutaka 4 au 5. Vilivyo vigumu kuingia vina masharti zaidi: Dartmouth iliacha kutoa krediti za AP, ingawa alama nzuri zinaweza kumruhusu mwanafunzi kuruka kozi ya mwanzo. Usichanganye mambo mawili hapa. AP inaweza isimpunguzie mtoto hata senti ya ada, lakini ikawa ndiyo iliyomfungulia mlango wa kuingia, kwa sababu wasomaji wa maombi waliona amesoma masomo mazito. Kila chuo huweka mtandaoni jedwali la krediti za AP, na mtoto alitafute kabla ya kuchagua, asingoje Julai matokeo yakitoka.

Lugha. Inategemea somo. U.S. History na English Language hudai kusoma nyaraka haraka na kuandika insha chini ya saa inayokimbia, na aliyefika akiwa na miaka 15 atatoka jasho. Kalkulasi na fizikia zina maneno pia, lakini namba zinambeba. Mtihani wa AP wa Kiswahili haupo. Upo wa Kifaransa, na hapa watoto waliosoma Goma au Bujumbura wana hazina ambayo wengi hawaitumii. Mtoto aliyesoma shule ya msingi kwa Kifaransa, hata kama sasa Kiingereza kinamsumbua, anaweza kufanya AP French Language and Culture na kuvuna alama ya juu akiwa darasa la 10. Huu ni miongoni mwa mitihani michache inayomwonyesha mtoto mgeni kuwa ana nguvu, siyo upungufu.

Akijikwaa. Alama ya mtihani haifiki chuoni mpaka mwanafunzi achague kuituma. Ripoti ikitumwa hubeba alama zote, isipokuwa zile alizoomba zizuiwe au zifutwe. Alama ya darasani ndiyo isiyofichika.

Inamfaa nani. Mtoto mwenye nguvu upande mmoja: hodari wa sayansi anayeona insha ni adhabu, au kinyume chake. Inamfaa pia ambaye hajui bado ataomba vyuo vya wapi, maana AP ni ileile Maine na Arizona.

## IB

Shirika la IB lilianzishwa Geneva mwaka 1968. Nyumbani jina hilo linajulikana kupitia shule kama Aga Khan Academy ya Mombasa, International School of Tanganyika ya Dar es Salaam na UWC East Africa ya Moshi na Arusha, ambako mzazi hulipa ada nzito. Kumbe Marekani shule nyingi za IB ni za umma. Kitu ambacho Dar kinahitaji mshahara wa shirika la kimataifa, hapa huenda kiko mwisho wa njia ya basi la njano.

Kazi na upimaji. Diploma ya IB ni miaka miwili, darasa la 11 na la 12. Masomo sita, kwa kawaida matatu ya kiwango cha juu, ambayo kila moja limepangiwa saa 240, na matatu ya kiwango cha kawaida ya saa 150. Juu yake kuna Theory of Knowledge, ambalo ni somo la kuhoji tunajuaje tunachojua, kuna insha ya utafiti isiyozidi maneno 4,000, na kuna CAS, yaani kazi za ubunifu, mazoezi ya mwili na huduma kwa jamii. Kila somo lina alama 1 hadi 7. Insha na Theory of Knowledge huongeza hadi 3, jumla 45. Diploma huanzia alama 24, pamoja na masharti mengine.

Kati ya njia zote nne hii ndiyo iliyo karibu zaidi na Kidato cha Tano na Sita, lakini tofauti moja itamshtua mzazi wa PCM (Fizikia, Kemia na Hisabati): mtoto haruhusiwi kuziacha lugha. Mpenda fizikia atasoma fasihi hadi mwisho, na mpenda historia atafanya sayansi na hisabati hadi mwisho. Nimewasikia wazazi wakiita huko ni kupoteza muda. Mimi naona ndiyo faida yake kubwa, maana insha ya maneno 4,000 yenye marejeo ni zoezi ambalo wanafunzi wengi hulikuta kwa mara ya kwanza chuoni, tena kwa machozi.

Fedha. Mitihani hulipiwa kwa kila somo, na masomo ni sita. Wilaya nyingi hubeba gharama yote au sehemu, nyingine humwachia mzazi, kwa hiyo uliza kabla ya kusaini. Gharama iliyofichika ni umbali. IB mara nyingi huwa kwenye shule moja ya wilaya, huombwa mwaka mmoja kabla, na mtoto huamka alfajiri kuwahi basi.

Krediti. Masomo ya kiwango cha juu hupata krediti kwa alama ya 5 au 6 kwenye vyuo vingi, ya kiwango cha kawaida hupata kidogo au hayapati kabisa. Lakini Texas ina sheria inayovitaka vyuo vyake vya umma vimpe mwenye diploma kamili ya IB angalau saa 24 za krediti, akiwa na alama 4 au zaidi kwenye mitihani yake. Hiyo inakaribia mwaka mzima. Nje ya Marekani IB inaeleweka kuliko kitu chochote kingine katika orodha hii. Vyuo vingi vya Uingereza haviridhiki na diploma ya haiskuli ya Marekani peke yake, huitaka iambatane na alama za AP au za IB.

Lugha. Mzigo wa kusoma na kuandika ni mzito, nisikufiche. Hata hivyo, hapa ndipo Kiswahili kinapopata kiti. IB ina fasihi ya Kiswahili miongoni mwa masomo ya lugha ya kwanza, na ina utaratibu wa mwanafunzi kusoma fasihi ya lugha ya nyumbani kwa kujisomea, katika kiwango cha kawaida, shule ikimsimamia. Mtoto anayefaulu lugha mbili za kundi hilo, mathalani Kiingereza na Kiswahili, hupewa diploma ya lugha mbili. Mratibu wa IB wa shule ndiye wa kuzungumza naye, tena kabla darasa la 11 halijaanza, kwa sababu vitabu na msimamizi haviji kwa siku moja. Onyo: kuongea Kiswahili sebuleni si kusoma tamthilia na ushairi. Ambaye hajawahi kukiandika atapata tabu.

Akijikwaa. Asiyefikisha alama 24 hapati diploma ya IB, lakini hupewa matokeo ya masomo aliyofanya, na diploma ya haiskuli ya jimbo lake iko palepale, maana ni kitu kingine kabisa. Nalisema kwa sauti kwa sababu kuna familia zilizoikimbia IB zikidhani kuifeli ni kufeli shule. Na matokeo hutoka Julai, wakati vyuo vya Marekani vimekwisha kumpokea kwa kutazama alama za darasani.

Inamfaa nani. Mtoto aliyesawazika, anayeandika bila kusukumwa, mwenye nyumba inayomwachia jioni zake. Anayelea wadogo zake kila siku hadi saa tatu usiku ataumia, na si kwa sababu ya akili.

## Kozi za chuo ukiwa bado haiskuli

Kila jimbo lina jina lake. Minnesota, iliyoanza mwaka 1985 ikiwa miongoni mwa majimbo ya kwanza, inaiita PSEO. Washington ni Running Start. Ohio ni College Credit Plus.

Kazi na upimaji. Mtoto husoma kozi halisi ya chuo, mara nyingi ya community college, yaani chuo cha umma cha miaka miwili: ama pale pale shuleni kwa mwalimu aliyeidhinishwa, ama chuoni kwenyewe, ama mtandaoni. Kitu kinachochukua mwaka haiskuli, chuoni kinamalizwa kwa muhula mmoja. Hakuna mtihani wa Mei unaobeba kila kitu. Alama hutokana na majaribio, insha na mitihani ya muhula. Profesa hatampigia mzazi simu, na mara nyingi sheria haimruhusu kuzungumza naye bila idhini ya mwanafunzi. Mtoto wa miaka 16 ndiye mwenye faili.

Fedha. Hapa majimbo yanaachana sana. Ohio na Minnesota, kwenye vyuo vya umma, mzazi halipi karo wala vitabu. Running Start humwondolea karo, vitabu ni juu yake. Georgia hulipia hadi saa 30 za krediti. Texas tangu 2023 ina mpango unaowawezesha wenye kipato kidogo kusoma bure kwenye vyuo vilivyojiunga nao. Kwingine unalipa mwenyewe, japo kwa bei ya chini. Halafu kuna usafiri. Baba yuko ghalani zamu ya usiku, mama yuko nyumba ya wazee zamu ya asubuhi, chuo kiko maili 12, na basi la shule haliendi huko. Kwa familia ya namna hiyo kozi ya bure inayofundishwa palepale shuleni ina thamani kuliko ya chuoni.

Krediti. Ndani ya jimbo, kwenye vyuo vya umma, hakuna njia yenye uhakika kuliko hii, mradi kozi iwe ya msingi: uandishi wa Kiingereza, aljebra ya chuo, saikolojia ya mwanzo, historia. Wapo wanaomaliza haiskuli wakiwa na shahada ya miaka miwili mkononi. Ukivuka mpaka wa jimbo, au ukienda chuo cha binafsi chenye ushindani, uhakika unapungua. Baadhi hukataa kozi iliyokwisha kuhesabiwa kwenye diploma ya haiskuli. Kwa anayelenga uuguzi, kozi za anatomia na fiziolojia zinaweza kumtangulia vizuri, lakini baadhi ya programu hazikubali sayansi iliyosomwa zamani, kwa hiyo asizichukue mapema mno.

Lugha. Mara nyingi chuo humpima kusoma na kuandika kabla ya kumpokea. Asiyefikia kiwango hurudishwa kujiandaa, na anaweza kujaribu tena.

Akijikwaa. Hapa ndipo pagumu. D ya darasa la 11 inaingia kwenye transkripti ya chuo na inabaki humo maisha. Vyuo hupima maendeleo ya mwanafunzi kabla ya kumpa msaada wa fedha wa serikali kuu, na aliyeanza na F mbili kwenye chuo hichohicho anaweza kuanza na doa. Anayeota udaktari ajue kwamba maombi ya vyuo vya udaktari huitisha transkripti ya kila chuo alichowahi kusoma, zikiwamo kozi za haiskuli. Ohio, wilaya inaweza hata kumdai mzazi gharama ya kozi iliyofeliwa. Kwa hiyo muhula wa kwanza achukue kozi moja, ile anayoiweza, na ajue tarehe ya mwisho ya kujitoa.

Inamfaa nani. Mtoto anayejiendesha mwenyewe, asiyesukumwa, ambaye mitihani ya siku moja humtoa roho ingawa darasani anafanya vizuri.

## Kulingana na hali yenu

Kama fedha ndiyo kikwazo na mtoto atasoma chuo kikuu cha umma cha jimbo lenu, kozi za chuo zina nafasi kubwa ya kuokoa fedha halisi, hasa majimbo yanayozilipia. Waombe ofisi ya chuo kikuu anachokilenga waseme kwa maandishi ni kozi zipi wanazipokea. AP mbili za masomo anayoyapenda zinaweza kukaa kando yake bila ugomvi.

Kama anaota vyuo vya binafsi vyenye ushindani, achukue ile njia ambayo shuleni kwake inahesabiwa kuwa ngumu kuliko zote. Shule yenye IB kamili, IB. Isiyokuwa nayo, AP. Lakini AP tatu zilizomwacha akilala usingizi zina faida kuliko sita zilizomshusha hadi C. Na kama jioni zake zinakwenda kwa kulea wadogo au kumpeleka bibi hospitali, ayaandike hayo: fomu ya Common App, ile ya pamoja ya kuombea vyuo vingi, katika orodha ya shughuli, ina sehemu ya majukumu ya familia. Watoto wetu huiacha wazi kwa kudhani kupika na kulea si kitu cha kumwambia mzungu wa chuo.

Aliyefika akiwa na miaka 15 au 16 asikimbilie IB kamili. Apigane kwanza na ngazi ya hisabati, achukue Honors, afanye AP ya Kifaransa kama anacho, kisha darasa la 12 ajaribu kozi moja ya chuo. Baadhi ya shule pia humruhusu kuchukua somo moja au mawili ya IB bila diploma nzima.

Mkiwa na mawazo ya kurudi Afrika Mashariki au kumpeleka Ulaya, IB inahitaji maelezo machache kuliko nyingine, AP inafuata. Kwa Tanzania, vyeti vya sekondari vya nje hupitia NECTA kutafutiwa ulinganifu, na ni rahisi kuanza mchakato huo mkiwa na matokeo ya mtihani unaojulikana kimataifa kuliko orodha ya Honors za shule moja.

Na kama kazi inawahamisha, leo Iowa mwakani Texas, AP ndiyo isiyosumbuka: mtihani ni mmoja nchi nzima. IB ikikatwa katikati huenda shule mpya haina masomo yaleyale, basi ulizeni kabla ya kukubali nyumba. Kwa kozi za chuo, mtoto ahifadhi silabasi ya kila kozi siku anapoipewa, kwenye simu na kwenye barua pepe, kwa sababu chuo kipya kikisita kupokea krediti, karatasi hiyo ndiyo kitakayoiomba.